Bendera za Njano Mlangoni

Haya nilihadithiwa na Nyak Encum, mama mzazi wa Mae, msimu wa mvua uliopita, tukiwa kizingitini kwake tunachambua mboga huku maji yakipita uchochoroni. Mengine niliyaona kwa macho yangu, maana uchochoro wetu ni mmoja.

Mae alikutana na Kahar soko la Tanah Abang, ghorofa ya vitambaa, wakati ambao wanunuzi wa jumla wanasukumana na wabeba marobota wanapiga kelele watu wawapishe. Alivaa fulana nyeusi iliyokatwa mikono, jinzi iliyochanika magotini, na yale mabuti ambayo mama yake huyaita masufuria. Nywele kazikata fupi, hereni moja tu, sikio la kushoto. Alikuwa anatafuta kitambaa cha njano cha kufunga kwenye gitaa lake la besi. Si njano ya ndizi, wala ile ya bizari. Alitaka njano inayopiga kelele. Alipoipata akaivuta kutoka kwenye rundo, akaiinua dirishani aitazame vizuri.

"Dada, usisogee, baki hapo hapo."

Akageuka. Kijana mrefu, mweusi wa jua la pwani, shati la maua halina hata vifungo viwili vilivyofungwa, simu kaiweka usoni. Anampiga picha.

"We! Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Jua limepita kwenye kitambaa, uso wako wote umegeuka dhahabu. Ningeomba ruhusa, jua lingeondoka. Hebu tazama."

Mae akatazama. Alishajiona kwenye picha nyingi, lakini huyu wa kwenye simu alikuwa kama mtu anayekaribia kusema jambo.

"Futa," akasema.

"Nifute kweli?"

"Nitumie kwanza, halafu ndiyo ufute."

"Nitakutumiaje bila namba?"

"Ehe! Watu wa mjini nyie mna njia ndefu."

"Mimi si wa mjini. Mimi wa Makassar, nina miezi michache tu hapa Jakarta. Napiga video za harusi, nasubiri za nyimbo."

"Basi umesubiri vizuri," Mae akasema, akampa simu aandike namba. "Mimi napiga besi na kuimba. Roki. Kundi letu linaitwa Seng, kwa ajili ya mabati ya chumba chetu cha mazoezi. Mvua ikinyesha hatusikilizani."

Juma lile lile Kahar akaenda mazoezini. Alikaa pembeni na kamera yake imezimwa, anatazama tu, mpaka Bonar, mpiga ngoma wao, akamuuliza kama amekuja kununua chumba. Wimbo uliomshika ulikuwa mmoja, "Ngoja Mlangoni," Mae kautunga mwenyewe: mwanamke anamwambia mpenzi wake asiruke ukuta, apige hodi mbele ya watu.

"Wimbo una sauti na una maneno," Mae akamwambia baadaye, wakila wali wa nazi kando ya barabara. "Picha ifanye nini tena?"

"Iseme kile ambacho maneno yameona haya kukisema."

"Kwa mfano?"

Kahar akashika chupa ya sosi ya pilipili, akaiweka kati yao kama ndiyo Mae. "Nikikupiga kutoka chini hivi, umekuwa mlima. Watu watakuogopa. Nikikupiga kutoka juu, umekuwa kifaranga, watakuonea huruma. Hujafungua mdomo bado."

"Na wewe unataka kunipigaje?"

"Nilidhani utasema kutoka chini."

"Sitaki kuogopwa, na huruma ya watu nitaipeleka wapi? Nipige usawa wa macho. Anayenitazama anitazame kama tumekaa meza moja."

Kahar akaacha kutafuna. "Neng," akasema, akitumia jina tunalowaita wasichana wetu, na likamtoka kwa lafudhi ya kwao, "hilo hata chuoni hawakunifundisha."

"Daeng," naye akamjibu kwa jina la heshima la watu wa Makassar, "kula wali unapoa."

Mapenzi yakaingia hapo, wala hayakupiga hodi. Simu haikupumzika.

"Neng, umekula?"

"Nimekula, nimeoga, nimepiga mswaki. Unataka ripoti ya nini tena?"

"Ya moyo."

"Huo uko kwako. Jiulize mwenyewe."

Babake Mae, Babeh Rojali, ni fundi majokofu aliyestaafu. Ana ndege wake wa kuimba na kiti chake cha henzirani barazani. Mwaka uliotangulia moyo ulimlaza hospitali, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole. Mae alipomweleza habari za Kahar, hakugomba. Alingoja ndege amalize wimbo.

"Simjui, na kazi yake siijui," akasema. "Video yenu ikitoka nitaitazama. Humo nitaona anamtazamaje binti yangu. Nikishaona, nitamjibu kama aje na wazee wake, au abaki na kamera yake."

Basi ikawa si video tena, ikawa posa. Kahar aliijua hiyo, na Mae aliijua zaidi. Kahar akampiga picha Mae akiimba chini ya mabati, akaja kupiga picha nyumbani, barazani kwa Babeh. Kisha akasafiri kwenda kwao Makassar, kwa sababu uchochoro wa mama yake una kuta za bluu na ndugu zake wangemsaidia bure. Akaondoka na fulana ya Mae na yale mabuti, avae binamu yake apigwe picha kwa mgongo.

"Niitume uione kwanza?" akauliza kwa simu alipomaliza.

"Hapana. Nitaiona siku moja na watu wote. Daeng, ninakuamini."

"Nimeweka rangi yako. Utajiona hata pale usipokuwepo."

Vijana wa uchochoro wakatundika shuka kwenye ukuta wa Haji Naim, wakapanga viti vya plastiki, wakachemsha karanga. Magharibi ilipopita tukakaa wote. Babeh akawekwa mbele katikati, kofia mpya, shati la batiki. Kahar mwenyewe alibaki Makassar, ana harusi ya kupiga.

Ikaanza kwa ngoma. Kila pigo la Bonar, picha inakatika: vidole vya Mae kwenye nyuzi, jasho shingoni, bati linatetemeka, jicho lake linakutazama sawasawa. Watu wakapiga vigelegele. Mpok Iroh, jirani wa mbele, akapayuka, "Huyo ni Mae wetu au nyota wa televisheni?" Tukacheka.

Kisha gitaa likapunguza mwendo, na picha nazo zikapunguza. Kikaja kiti cha Babeh barazani, kitupu. Kamera ikakaa pale, ikakaa, haiondoki. Halafu uchochoro wa kuta za bluu, na kwenye kila geti bendera ndogo ya njano juu ya mwanzi. Viti vya plastiki vimepangwa pande zote mbili, hakuna mtu. Mwanamke wa fulana nyeusi anakwenda zake katikati, mgongo tu. Bluu ikafifia, ngozi ikafifia, dunia yote ikawa majivu. Zikabaki bendera tu na njano yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Hapa kwetu Jakarta hata mtoto wa chekechea anajua: bendera ya njano mdomoni mwa uchochoro na viti nje, kuna maiti ndani. Nyuma yangu mtu akasema taratibu, "Inna lillahi," kisha vichwa vyote vikamgeukia Babeh Rojali, aliyekuwa bado na karanga mkononi.

Babeh akainuka. Akakung'uta maganda kwenye shati, akaingia ndani, na Nyak Encum nyuma yake.

Simu ya Mae ikaita pale pale.

"Neng! Mmeiona? Babeh kasemaje?"

"Umemzika baba yangu."

"Nini?"

"Mbele ya uchochoro mzima, Kahar. Kakaa anakula karanga, na wewe unamzika."

"Sielewi. Neng, hebu—"

"Huelewi? Wewe si ndiye unayejua picha inasema nini? Nilikuambia habari za moyo wake, ukaona ah, hapa pana huzuni nzuri ya kupambia video." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na ndiyo iliyomuuma Kahar. "Usinipigie."

Akaifungia namba yake isiingie tena.

Asubuhi ikawa aibu juu ya aibu. Video ilikuwa imewekwa mtandaoni usiku ule ule, na wale walioiona kwenye simu zao wakaanza kufika na mabeseni ya mchele wa rambirambi kichwani. Shangazi kutoka Bekasi aliingia analia, akamkuta marehemu anampa ndege wake mtama.

"Rojali! Si umekufa?"

"Bado," Babeh akasema. "Mchele weka hapo."

Wengine walicheka, Babeh hakucheka. Alipobaki na binti yake akasema tu, "Nilitaka kuona anavyotutazama. Nimeona." Mae akamwona anavyojishika kifua, si kwa ugonjwa, kwa mazoea tu, na akahisi kama yeye ndiye aliyetundika zile bendera.

Akamwambia Bonar aiondoe video kila mahali. Bonar akaiondoa, lakini siku mbili tatu baadaye, chumbani kwao cha mazoezi, akashindwa kunyamaza. Bonar ni Mbataki, na Wabataki husema wazi, hawana kona.

"Sasa sikia, dada. Huyu jamaa amzike mzee wako ili apate nini? Anataka kuoa hapo!"

"Watu wa picha wanapenda huzuni. Huzuni inapendeza."

"Labda. Lakini alinitumia picha zote alizopiga kule, na zile alizozitupa, nimtunzie. Zimo kwenye kompyuta. Kabla hujamzika na wewe, zitazame."

"Sina hamu."

"Basi mimi naenda kununua tambi. Ufunguo wa mlango huo hapo." Akatoka, na kompyuta kaiacha wazi.

Mae akakaa na kiburi chake kidogo, kisha akavuta kiti. Akaondoa sauti, maana hakutaka kuusikia wimbo wake. Na labda ilikuwa heri, kwa sababu macho yakabaki peke yao kufanya kazi.

Akaona wanawake wa Makassar wanafunga bendera za njano kwenye mianzi. Wanacheka. Mmoja kajifunga kitambaa kiunoni anakatika, mwenzake anamsukuma. Mzee mwenye kikoi anakaa kwenye kiti cha plastiki, anajifanya bwana harusi, kashika ua. Mae akakunja uso. Nani anacheka hivi msibani?

Picha iliyofuata, wale wale, uchochoro ule ule. Mara kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa. Yule wa kukatika akajifunika kitambaa kichwani. Mzee akainuka kwenye kiti, akatazama chini. Kule mwisho wa uchochoro, barabarani, zikapita pikipiki, na nyuma yake gari la wagonjwa. Kila pikipiki ilikuwa na bendera. Nyeupe.

Mae akarudisha nyuma. Njano, wanacheka. Nyeupe, wanainamisha vichwa. Akarudisha tena, safari hii akafungua sauti, na nyuma ya kamera akamsikia Kahar: "Zimeni muziki, zimeni. Subirini msiba wa watu upite, halafu tuendelee na furaha yetu."

Bonar aliporudi na tambi alimkuta Mae kasimama katikati ya chumba na simu sikioni, macho yamemwiva.

"Halo?" Kahar alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Daeng. Kwenu mtu akifa mnatundika bendera gani?"

"Neng? Unaongea na mimi?"

"Jibu."

"Nyeupe. Kwani kuna nini? Nani kafa?"

"Kwetu ni ya njano."

Mae akasikia kuku wa mama yake Kahar, akasikia muuza samaki anapita huko mbali.

"Na vile viti vitupu?" Kahar akauliza, sauti imeshuka chini kabisa.

"Vya waombolezaji."

"Nilivipanga vya harusi. Wageni hawajafika bado... Ya Allah. Na kiti cha Babeh juu yake." Akavuta pumzi. "Miezi yote hiyo Jakarta nimepita kwenye hizo bendera na pikipiki, nikadhani ni za chama fulani. Neng, nilitaka dunia yote ifutike ubaki wewe tu."

"Nimejua. Na mimi nilikufungia mlango bila kukuuliza hata swali moja."

"Nakuja na ndege ya kwanza."

"Usije kwangu. Njoo kwa Babeh. Na upige hodi mbele ya watu, kama wimbo unavyosema."

Alifika uso umesawijika, hajalala, kavaa shati jeupe jipya. Mdomoni mwa uchochoro vijana wakamzuia, kama tunavyowazuia mabwana harusi wetu, mguu mbele, mikono kiunoni.

"Simama hapo! Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Babeh Rojali."

"Yupi, marehemu?"

"Umeleta nini humo kwenye begi, sanda?"

"Nimeleta samaki wakavu na shingo yangu," Kahar akasema. "Samaki ni wenu. Shingo nampelekea mwenyewe."

Wakacheka, wakampisha. Na wale samaki vijana waliwachukua kweli.

Babeh alikuwa barazani. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Mae alisimama mlangoni, mikono kifuani, na moyo wake nikwambie ulikuwa unapiga ngoma kuliko Bonar.

"Habari za bendera nimeambiwa na binti yangu," Babeh akasema. "Hizo nimekusamehe. Mgeni hawezi kujua. Lakini kiti changu hukukipiga Makassar. Ulikipiga hapa. Ukaniacha nje ya kiti changu mwenyewe. Kwa nini?"

Kahar akachuchumaa, macho yake na ya Babeh yakawa sawa.

"Siku ile nilikuja na jua la mchana, Babeh. Mae alikuwa jikoni. Wewe mwenyewe uliinuka ukaenda kunitengenezea kahawa. Mtu uliyeambiwa usijichoshe. Nikakitazama kiti, bado kina alama ya mgongo wako, nikasema moyoni, hivi ndivyo nyumba hii inavyompokea mtu. Nikakipiga."

Babeh akamtazama ndege wake. Ndege akaimba, akaacha.

"Sasa mbona hukunionyesha nikiinuka?" akasema hatimaye, na hapo sauti ikampanda. "Umeonyesha kiti kitupu. Mimi mtazamaji nitajuaje kama mwenyewe kaenda jikoni au kaenda makaburini? Kiti ni kile kile!"

Mae akaruka kutoka mlangoni.

"Ndiyo hiyo! Daeng, toa kamera."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla jua halijaondoka. Babeh, kaa vizuri."

"Mimi nitainukaje mbele ya kamera? Nitaonekana kama nina jipu."

"Usiitazame kamera. Babeh, mgeni huyu katoka mbali, hajanywa hata maji."

Na Babeh, kwa desturi ya maisha yake yote, akashika mikono ya kiti, akainuka. "Kahawa au chai?" akauliza, kweli anauliza. Akaingia ndani. Kamera ikabaki na kiti. Akatoka na vikombe viwili, mvuke unapanda, akamkabidhi Kahar kimoja kupita juu ya kamera.

Wakakaa sakafuni na kompyuta asubuhi nzima ya siku ya pili, mabega yamegusana, Babeh nyuma yao anatoa amri. Kiti kikawa kile kile, kitupu vile vile, lakini sasa kabla yake mzee anainuka, na baada yake mzee anarudi na kahawa. Nyak Encum alipokiona alifuta macho kwa kanga ya mapishi. Hakuna aliyemuuliza nani kafa.

"Na bendera?" Kahar akauliza.

"Zitoe rangi," Mae akasema. "Ziwe kijivu kama vingine. Njano iache kwenye gitaa langu tu."

"Hiyo ni rangi yako ya siku ya soko, Neng. Inaniuma."

"Hata mimi. Lakini hapa bendera haisemi soko, na tunawaimbia watu wa hapa. Kwenye gitaa itasema."

Akazitoa. Wakaitazama mwanzo mpaka mwisho, Babeh hakupepesa.

"Anakutazama usawa wa macho," akamwambia binti yake, kama vile Kahar hayupo. Kisha akamgeukia. "Idi ikipita, wazee wako waje."

Kahar akaanza kulia na kucheka pamoja. Mae akamkanyaga mguu kwa masihara. "Pole pole. Mimi ndiye niliyepiga simu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeposa. Wewe umekubali tu."

"Nimekubali, mpenzi. Andika popote."

Nyak Encum muda wote alikuwa anawaza yake. Akamnyang'anya Kahar simu. "Nipigie mama yako." Ilipopokewa akaenda nayo pembeni, lakini sauti yake haijui pembeni.

"Assalamu alaikum, mama Kahar. Mimi mama wa Mae. Sisi nasi tutakuja huko kwenu baada ya harusi, magari kama matatu hivi. Nimeshanunua vitambaa vya kufunga mbele, vyeupe, vinapepea vizuri. Vitafaa?"

Kwenye simu kikatoka kicheko kilichosikika mpaka kwa Mpok Iroh.

"Ndugu yangu! Mkija hivyo, barabara nzima itawapisha, mtafikishwa mpaka makaburini mkisomewa dua!"

"Yarabi! Sasa nifunge nini?"

"Njano, ndugu yangu. Njooni na njano tele."

Babeh Rojali ndiyo akacheka sasa, kile kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekikosa tangu hospitali, mpaka Nyak akamwambia apumue.

Joto la adhuhuri likashuka juu ya uchochoro. Babeh akasinzia barazani na kicheko kimebaki mdomoni. Nyak akajinyoosha mkekani. Kahar, ambaye macho yake hayakuwa yamefumba tangu Makassar, aliangukia ukutani na nyaya za kompyuta mapajani.

"Neng," akasema bila kufungua macho. "Kuna kingine chochote cha kwenu ambacho sikijui?"

"Vingi."

"Vitaje."

"Utauliza kimoja kimoja. Na mimi vya kwenu nitauliza. Tuna maisha mazima."

Kahar alikuwa ameshalala. Mae akamtoa nyaya mapajani asizivunje, akamwelekezea feni, akalala upande wa pili wa chumba pale mama yake anapoweza kumwona akifumbua jicho. Akamtazama mara moja tena, kichwa sakafuni, usawa wa macho. Kisha usingizi ukamchukua na yeye.